Kusafisha Picha, Kusafisha Ukweli: Faili Ghafi kama Muswada katika Uhakiki wa Picha ya Mazishi ya Gaza ya Paul Hansen

Ikisiri

Makala hii inahakiki nafasi ya faili ghafi la kamera, yaani faili la muundo wa RAW, katika mijadala kuhusu ukweli wa picha za habari. Kiini cha uhakiki ni picha ya mazishi ya watoto wawili mjini Gaza, iliyopigwa na Paul Hansen tarehe 20 Novemba 2012 na kutangazwa kuwa Picha ya Mwaka ya World Press Photo mwezi Februari 2013. Picha hiyo ilishutumiwa kuwa imeungwa kutokana na picha kadhaa, kisha ikathibitishwa na wataalamu waliolinganisha faili ghafi na picha iliyochapishwa. Makala inadai kwamba uthibitisho huo ulikuwa sahihi lakini ulijibu swali moja tu kati ya matatu yanayopaswa kuulizwa. Kwa kutumia mbinu ya uhakiki wa miswada, inaonyeshwa kuwa faili ghafi si picha asilia wala si ukweli usioguswa. Ni matini isiyosomeka mpaka ipate mhariri. Hivyo basi, hoja ya msingi si kama picha imehaririwa, bali imehaririwa kwa uaminifu gani na nani anawajibika kwa usomaji huo.

1.0 Utangulizi

Kwa miaka mingi katika studio za Afrika Mashariki, mteja aliyepeleka filamu yake aliambiwa aje baada ya siku kadhaa, picha zikisafishwa. Kitenzi hicho, kusafisha, kilitaja kazi yote ya chumba cha giza: kuloweka filamu katika dawa, kuisuuza, kuikausha na hatimaye kuchapa picha katika karatasi. Ni kitenzi kinachobeba dhana nzito. Anayesafisha sahani haiumbi sahani. Anaondoa uchafu tu ili kilichokuwapo kionekane. Kwa mujibu wa dhana hiyo, picha tayari imo ndani ya filamu, nzima na kamili, na kazi ya msafishaji ni kuifunua.

Hata hivyo, kitenzi hichohicho kina maana ya pili. Kusafisha ni pia kuondoa kisichotakiwa. Anayesafisha shamba hung'oa magugu, na kipi ni gugu huamuliwa na mwenye shamba. Maana hizi mbili, kufunua kilichopo na kuondoa kisichopendeza, zimekaa pamoja katika neno moja bila ugomvi kwa sababu mteja wa studio hakuwa na haja ya kuzitenganisha. Mgeni wa harusi aliyepoteza kipaku usoni hakulalamika.

Katika picha ya habari haja hiyo ipo, nayo imekuwa kubwa zaidi tangu kamera za dijitali zilipoanza kuhifadhi mafaili ghafi. Faili la namna hiyo humpa mpigapicha uwezo mpana wa kuamua, baada ya tukio kwisha, picha iwe na weusi kiasi gani, rangi gani na mwanga wa namna gani. Wakati huohuo limegeuzwa kuwa shahidi. Pale ambapo uaminifu wa picha unatiliwa shaka, mashindano na vyombo vya habari hudai faili ghafi kama hakimu anavyodai hati ya asili. Kitu kilekile kinachotoa uhuru wa kuhariri ndicho kinachotumiwa kumhukumu mhariri. Makala hii inachunguza kitendawili hicho kupitia picha ya Hansen, na kuangalia kwa ufupi uamuzi mwingine wa World Press Photo wa mwaka 2010 na agizo la shirika la habari la Reuters la mwaka 2015.

2.0 Faili ghafi na usomaji wake

Uhakiki wa faili ghafi hauwezi kusimama bila kueleza faili hilo lina nini ndani yake, kwa kuwa sehemu kubwa ya mabishano hutokana na kudhani kwamba lina picha.

Kamera ya dijitali ina kihisi mwanga chenye mamilioni ya vituo vidogo. Kila kituo hupima wingi wa mwanga unaokifikia na kuuandika kama namba. Vituo hivyo havitambui rangi. Ili rangi ipatikane, kamera nyingi hutumia utaratibu uliobuniwa na Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak na kupewa hataza mwaka 1976. Juu ya kila kituo huwekwa kichujio cha rangi moja tu, na katika kila vituo vinne viwili hupokea kijani, kimoja chekundu na kimoja samawati. Maana yake ni kwamba kila kituo hupima rangi moja kati ya tatu zinazohitajika. Mbili zinazobaki hukadiriwa na programu kwa kuangalia vituo jirani. Kwa hiyo, katika picha ya rangi iliyokamilika, theluthi mbili ya thamani za rangi ni makadirio. Hakuna aliyedanganya, ndivyo chombo kinavyofanya kazi.

Namba hizo huhifadhiwa kwa wingi mkubwa. Faili ghafi la biti 14 lina ngazi 16,384 za mwanga kwa kila kituo, ilhali faili la kawaida la JPEG lina ngazi 256 kwa kila rangi. Aidha, kihisi huhesabu mwanga kwa ulinganifu wa moja kwa moja: mwanga ukiongezeka mara mbili, namba nayo huongezeka mara mbili. Jicho la binadamu haliko hivyo. Kwa sababu ya ulinganifu huo, nusu ya ngazi zote, yaani 8,192, hutumika kwa hatua moja tu ya mwanga iliyo angavu kuliko zote, na vivuli vyote hubanwa katika ngazi chache zinazobaki. Namba hizo zikionyeshwa katika kioo bila kurekebishwa, picha hutokea nyeusi, tepetevu na yenye ukijani. Hakuna binadamu aliyesimama mahali pa tukio aliyeona kitu cha namna hiyo.

Kile ambacho mpigapicha hukiona nyuma ya kamera yake, na ambacho watu wengi hukiita picha ghafi, ni JPEG ndogo ambayo kamera imeitengeneza na kuiambatanisha na faili. Urari wa rangi, yaani uamuzi kuhusu weupe uonekane mweupe chini ya taa ya manjano au kivuli cha samawati, haujatekelezwa katika namba za faili ghafi. Umeandikwa pembeni kama maelekezo yanayoweza kufuatwa au kuachwa. Programu mbili tofauti zikifungua faili moja hutoa picha mbili zisizofanana, na hakuna kati yake inayoweza kudai kuwa ndiyo faili lenyewe.

Hivyo, dhana ya picha ambayo haijahaririwa, ikihusishwa na faili ghafi, haina kirejelewa. Kabla ya kuhaririwa hakuna picha. Hoja hii isichukuliwe kuwa ruhusa ya kufanya lolote. Namba za faili ghafi zinatokana na mwanga uliogonga kihisi katika sehemu ya sekunde maalumu, nazo zinaweka mipaka. Mtoto ambaye hakuwa mbele ya lenzi hawezi kupatikana humo kwa kuongeza wala kupunguza mwanga. Faili ghafi linakataa mengi. Kisichowezekana ni kulitaka liseme lenyewe neno lililo sahihi.

3.0 Mfumo wa uchambuzi: muswada na mhariri wake

Ansel Adams, mpigapicha wa Marekani aliyekuwa pia amesomea piano, alilinganisha negativu na nota za muziki, na picha iliyochapwa na onyesho la muziki huo. Mlinganisho huo unafaa, lakini kwa tatizo linalojadiliwa hapa una upungufu. Mwimbaji hadaiwi ukweli, hudaiwa uzuri. Mpigapicha wa habari hudaiwa vyote viwili, na kudaiwa ukweli kwanza.

Taaluma ya fasihi ya Kiswahili inao mlinganisho ulio karibu zaidi, nao ni uhariri wa miswada ya tenzi zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu. Hati hizo, katika matumizi yake ya zamani, hazikubeba sauti zote za Kiswahili. Alama moja ya irabu ilisimamia /i/ na /e/, nyingine ilisimamia /u/ na /o/. Herufi ya /b/ ilitumika mara nyingi pia kwa /p/ na /mb/, hivi kwamba maandishi yaleyale yaliweza kusomwa bata, pata au mbata. Msomaji aliyeijua lugha, lahaja na bahari ya shairi hakukwama; mizani na vina vilimwongoza. Lakini mhariri aliyeupeleka muswada kwenye hati za Kirumi alilazimika kuchagua neno moja na kuyaacha mengine. Ndiyo maana Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, inayosomwa katika toleo la William Hichens la mwaka 1939 na la James de Vere Allen la mwaka 1977, haiwezi kuhakikiwa kwa makini bila kutaja toleo linalorejelewa.

Mambo matatu ya uhariri wa miswada yanaweza kuhamishiwa kwenye picha. La kwanza ni kwamba muswada si shairi linalosomeka moja kwa moja. Ni ushahidi ambao kwao usomaji hujengwa na kupimwa. La pili ni kwamba uchaguzi wa mhariri haukwepeki, na hivyo haumfanyi mwongo. La tatu, na lililo zito kuliko yote, ni kwamba mhariri mwaminifu huonyesha alichokichagua. Akifuta ubeti kwa kuwa haukumpendeza, au akiongeza neno lisilomo katika muswada bila kusema, amevunja mkataba wake na msomaji hata kama shairi limekuwa zuri zaidi.

Mlinganisho huu una mpaka wake. Muswada uliandikwa na mtu aliyekusudia maneno fulani, na mhariri hujaribu kuyarejea makusudio hayo. Kihisi cha kamera hakikusudii chochote. Kwa hiyo mhariri wa faili ghafi hapimwi kwa makusudio ya mwandishi bali kwa tukio lenyewe na kwa wale waliolishuhudia. Tofauti hii inaongeza uzito wa dai la uaminifu badala ya kuupunguza, kwa sababu mpigapicha huwa mwandishi na mhariri kwa pamoja, na mara nyingi hakuna mtu wa tatu wa kumsahihisha.

Kutokana na mfumo huu, maswali matatu yanaundwa kwa ajili ya picha yoyote ya habari. Mosi, je, kilichomo katika picha kilikuwa mbele ya lenzi, na kilichokuwa mbele ya lenzi kimebaki? Hili ni swali la uhalisi. Pili, je, namna mwanga na rangi vilivyosomwa inaliheshimu tukio, au inalivika vazi la tukio jingine? Hili ni swali la uaminifu wa usomaji. Tatu, je, hadhira imepewa njia ya kujua kwamba inasoma toleo, na nani analisimamia? Hili ni swali la uwajibikaji.

4.0 Picha ya mazishi ya Gaza

4.1 Picha yenyewe

Picha ya Hansen, aliyekuwa akifanya kazi katika gazeti la Dagens Nyheter la Uswidi, imepigwa katika kichochoro chembamba mjini Gaza. Kundi la wanaume linaelekea upande wa mtazamaji. Mbele, wanaume wawili wamewabeba watoto wawili wadogo, ndugu, waliovikwa sanda nyeupe zilizoacha nyuso wazi. Walibebwa na baba zao wadogo kupelekwa msikitini. Nyuma yao mwili wa baba yao umebebwa juu ya machela. Watatu hao waliuawa nyumba yao iliposhambuliwa kwa kombora la Israel.

Mpangilio wa fremu una nguvu kubwa. Kuta za pande mbili zinalibana kundi na kuliongoza kwa mtazamaji, hivi kwamba hakuna pa kukwepea; msafara unamjia. Macho yanaanza na sanda, ambazo ndizo sehemu nyeupe kuliko zote, yanapanda kwenye nyuso za wabebaji, kisha yanarudi nyuma mpaka yanapoteza hesabu ya watu. Huzuni na hasira zimegawanywa katika nyuso tofauti, na picha haimlazimishi mtazamaji kuchagua moja.

Mwanga ndio uliozua mjadala. Rangi zimefifishwa kuelekea kijivu na hudhurungi, nyuso zina mng'ao unaozitenga na mazingira, na vivuli ambavyo kwa kawaida vingekuwa vizito katika kichochoro vimefunguliwa kiasi cha kuonyesha mikunjo ya nguo. Hansen alieleza kuwa mwanga uliingia kichochoroni na kurudishwa na kuta, na kwamba alilisoma faili moja ghafi zaidi ya mara moja, kwa viwango tofauti vya mwanga, kisha akayaweka matokeo hayo juu ya mengine ili kusawazisha penye mwanga na penye kivuli. Kwa lugha ya mfumo wa makala hii, alisoma muswada mmoja kwa taa mbili na kuunganisha alichosoma.

4.2 Shutuma na uchunguzi

Mwezi Mei 2013 mchambuzi wa picha za dijitali Neal Krawetz alidai kuwa picha hiyo ni muungano wa picha kadhaa. Hoja zake zilitegemea kumbukumbu zilizobaki ndani ya faili la JPEG, zilizoonyesha kwamba faili ghafi lilifunguliwa zaidi ya mara moja, pamoja na uchambuzi wa mbano wa data na wa mwelekeo wa mwanga. World Press Photo, taasisi yenye makao yake Amsterdam, iliwaita wataalamu huru, miongoni mwao Hany Farid, na kuwapa faili ghafi pamoja na picha iliyoshinda. Hitimisho lao lilikuwa kwamba mwanga na rangi vilirekebishwa kwa picha nzima na kwa sehemu mojamoja, lakini hapakuwa na ushahidi wa kuunganishwa kwa picha wala wa ughushi wa maana.

Kosa la shutuma lilikuwa la kiusomaji. Alama za kufungua faili mara kadhaa zilikuwa za kweli; tafsiri yake ndiyo iliyopotoka. Kuona kwamba mhariri alirudi kwenye muswada mara mbili si kuona kwamba alikuwa na miswada miwili. Hata hivyo si haki kuyadharau mashaka hayo. Yalitokana na jambo ambalo jicho la mtazamaji wa kawaida pia lililiona, nalo ni kwamba picha ilifanana na bango la filamu kuliko picha za magazeti zilizozoeleka. Mtazamaji alihisi mkono wa mhariri. Hakuwa na njia ya kujua mkono huo ulifanya nini, na pasipo maelezo alifikiria baya zaidi.

Hapa ndipo gharama ya mjadala inapoonekana. Picha ya sherehe ikishukiwa, kinachopungua ni sifa ya mpigapicha. Picha ya mazishi ikishukiwa, shaka haikai kwenye rangi; huteremka hadi kwenye sanda. Kutoka dai kwamba mwanga haukuwa hivyo hadi dai kwamba tukio halikuwapo ni hatua fupi, na wapo ambao daima huwa tayari kuichukua. Watoto wale walikufa, na mazishi yao yalifanyika mbele ya watu wengi. Lakini kwa wiki nzima ya mwezi Mei mazungumzo kuhusu picha yao yalikuwa juu ya piseli.

4.3 Tathmini

Kwa swali la kwanza, la uhalisi, picha ya Hansen imejibu. Kilichomo kilikuwapo, na hakuna kilichoondolewa. Faili ghafi lilifanya kazi yake kama muswada: lilitoa kipimo ambacho usomaji ungeweza kulinganishwa nacho.

Kosa lilitokea pale uthibitisho huo ulipopokelewa kana kwamba umefunga swali la pili. Wataalamu walisema mwanga ulirekebishwa. Hawakuulizwa kama marekebisho yalifaa, wala si kazi ya hesabu za piseli kulijibu hilo. Ni kazi ya mhakiki. Kwa maoni ya makala hii, kufungua vivuli kunatetewa kwa urahisi. Jicho la mtu aliyesimama kichochoroni huzoea kivuli na kuona nyuso zilizomo; kihisi hakiwezi kufanya hivyo kwa namba zake tupu. Mhariri aliyefungua vivuli amemrudishia mtazamaji kile ambacho shahidi alikiona. Kufifisha rangi ni jambo jingine. Damu na nguo za kila siku zina rangi ambazo msiba hauzifuti. Kuzivuta zote kuelekea kijivu kimoja ni kulihamisha tukio kutoka siku fulani ya Novemba hadi wakati usio na tarehe, wakati wa misiba yote. Picha inapata ukuu na kupoteza siku yake. Kwa familia iliyozika, siku hiyo si kitu kidogo.

Hata hivyo, uamuzi huo si udanganyifu. Ni usomaji wenye mwelekeo, kama mhariri anayechagua kila mara neno la kale palipo na neno la mazungumzo ili shairi lisikike zito. Mhariri wa namna hiyo hapelekwi mahakamani. Anahakikiwa. Udhaifu wa mjadala wa mwaka 2013 ni kwamba ulitoa nafasi mbili tu, hatia au kuachiwa huru, na hivyo uhakiki ulikosa pa kukaa.

Swali la tatu ndilo lililojibiwa vibaya zaidi. Hadhira ilipewa picha pamoja na maelezo ya tukio, lakini maelezo ya usomaji yalikuja baada ya shutuma. Yangekuja kabla, sehemu kubwa ya shutuma ingekosa mzizi.

5.0 Mguu uliofutwa

Mfano wa mwaka 2010 unaonyesha jinsi mpaka kati ya maana mbili za kusafisha ulivyo mwembamba. Mpigapicha wa Ukraine Stepan Rudik alipata tuzo katika kundi la picha za michezo kwa mfululizo kuhusu mapigano ya mitaani mjini Kiev. Baada ya kudai na kulinganisha faili ghafi, World Press Photo ilimwondoa kwa sababu sehemu ya mguu wa mtu wa nyuma, iliyoonekana karibu na mkono uliokuwa ukifungwa bendeji, ilikuwa imefutwa.

Ukilinganishwa na mengine aliyoyafanya, mguu ule ni mdogo mno. Picha ya awali ilikuwa ya rangi na pana, yenye watu na mazingira yao. Picha iliyoshindanishwa ilikuwa nyeusi na nyeupe, yenye chembechembe nzito, iliyokatwa kingo mpaka ukabaki mkono na vilivyo karibu nao. Hayo yote yalikubalika. Kilichokataliwa ni kipande ambacho watazamaji wachache wangekitambua.

Wapo walioona uamuzi huo kuwa wa kichekesho. Mfumo wa muswada unaonyesha kwamba haukuwa hivyo. Kukata kingo ni kunukuu kwa sehemu: beti zilizoachwa zinajulikana kuwa nje ya nukuu. Kugeuza rangi kuwa nyeusi na nyeupe ni tafsiri inayojitangaza, kwa kuwa hakuna anayedhani Kiev haina rangi. Kufuta mguu ndani ya fremu ni kutoa neno katikati ya mshororo na kuunganisha pande mbili ili pengo lisionekane. Tendo la kwanza na la pili humwachia msomaji alama. La tatu humnyima. Ukubwa wa kilichoondolewa haubadilishi aina ya tendo.

Pamoja na hayo, uamuzi huo una tatizo ambalo halikutatuliwa. Giza nalo linaweza kufuta. Mhariri akiteremsha mwanga wa kona moja mpaka weusi uvimeze vilivyomo, hajagusa piseli hata moja kwa brashi ya kufutia, lakini mguu umetoweka vilevile. World Press Photo ilikutana na hali hiyo. Baada ya kulifanya faili la awali kuwa sharti kwa picha zinazofika hatua za mwisho, katika shindano la mwaka 2015 iliziondoa asilimia 20 ya picha zilizofika hatua inayotangulia ya mwisho, baadhi kwa kuondolewa vitu vidogo na baadhi kwa marekebisho ya mwanga yaliyozidi. Kigezo kinachofaa, basi, si chombo kilichotumika bali matokeo: je, msomaji wa toleo anaweza bado kujua kwamba palikuwa na kitu?

6.0 Agizo la JPEG na mhariri asiyeonekana

Mwezi Novemba 2015 shirika la Reuters liliwaagiza wapigapicha wake wa kujitegemea wasitume picha zilizotengenezwa kutokana na mafaili ghafi. Zilizotakiwa ni JPEG zilizotoka hivyo katika kamera, zikiruhusiwa marekebisho madogo. Sababu zilizotolewa zilikuwa mbili: kasi na maadili.

Sababu ya kasi haina ubishi. Sababu ya maadili inahitaji kupimwa kwa haki. Ina nguvu moja ya kweli: JPEG ya kamera hutengenezwa kabla mpigapicha hajajua jaji wa shindano au msomaji anapenda nini. Uamuzi unafanywa pasipo kishawishi, na hilo ni jambo la thamani. Lakini agizo linaposikika kana kwamba JPEG ya kamera haijahaririwa, linarudia kosa lililokwisha kuonyeshwa. Ndani ya kamera yumo mhariri, naye ni kanuni za hesabu zilizoandikwa na wahandisi. Ndiye anayeamua vivuli vizame kwa kasi gani, wekundu uchangamke kiasi gani na ngozi ya binadamu ielekee rangi ipi. Akimaliza, hutupa sehemu kubwa ya muswada.

Historia ya upigaji picha haitoi sababu ya kumwamini mhariri huyo kuwa asiye na upande. Katika enzi ya filamu, maabara za rangi zilisawazisha mitambo yao kwa kadi za Kodak zilizokuwa na picha ya mwanamke Mzungu, na ngozi nyeusi ziliachwa zijitegemee. Kamera za leo ni bora zaidi, lakini upimaji wao wa mwanga bado umejengwa juu ya wastani wa kijivu. Mpigapicha wa harusi ya usiku Mombasa au Dar es Salaam anaijua shida hii kwa mikono yake: bibi harusi mwenye ngozi nyeusi, ndani ya shela jeupe, chini ya taa kali. Kamera ikiliokoa shela, uso unazama. Ikiuokoa uso, shela linageuka doa. Faili ghafi humruhusu arudi na kumpa kila mmoja haki yake. Kumwambia mpigapicha huyo kwamba JPEG ndiyo ukweli na faili ghafi ndilo kishawishi ni kumwambia kwamba aliyoyaona kwa macho yake ni uhariri, na kosa la mashine ni ushahidi.

Haifuati kwamba faili ghafi hutenda haki lenyewe. Uwezo uleule wa kuuokoa uso unaweza kuung'arisha mpaka usiwe wa mwenyewe, na wateja wapo wanaouomba ung'arishaji huo. Tofauti ni kwamba usomaji wa faili ghafi una mtu anayeweza kuulizwa, na una muswada unaoweza kurejewa. JPEG ya kamera, faili ghafi likiwa limetupwa au halikuhifadhiwa, haina kimojawapo.

7.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonyesha kwamba faili ghafi si picha asilia bali ni matini inayohitaji usomaji, na kwamba mamlaka yake katika mabishano ya ukweli ni ya muswada: linaweza kukataa usomaji wa uongo, lakini haliwezi kuuteua usomaji mmoja kuwa ndio pekee. Picha ya Hansen ilithibitishwa kihalali kwa swali la uhalisi. Kwa swali la uaminifu wa usomaji inastahili uhakiki unaotenganisha kufunguliwa kwa vivuli, ambako kunamrudishia shahidi macho yake, na kufifishwa kwa rangi, ambako kunaunyang'anya msiba tarehe yake. Kwa swali la uwajibikaji, mpigapicha pamoja na taasisi iliyomtuza walichelewa.

Mapendekezo mawili yanatokana na matokeo haya. Kwanza, vyombo vya habari na mashindano yanayohifadhi mafaili ghafi yachapishe, pamoja na picha, maelezo mafupi ya usomaji wake, kama mhariri wa utenzi anavyoeleza katika utangulizi muswada alioutumia na maneno aliyoyachagua. Pili, uhakiki wa picha katika Kiswahili ukifafanue upya kitenzi kusafisha. Chumba cha giza kimefungwa katika studio nyingi, lakini neno limehamia kwenye kompyuta na linaendelea kubeba maana zake mbili. Msafishaji anayefunua na msafishaji anayeng'oa wanatumia programu ileile na faili lilelile. Katika kichochoro kile cha Gaza, sanda zilikuwa nyeupe kabla ya mhariri yeyote kuzigusa. Kinachodaiwa kwa anayezisoma ni kwamba aseme alizisoma vipi.